Safu ya Kwanza katika Sinema ya Alhamra

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, ukiyapitia majira yote, ya mvua na ya kiangazi, hadi baada ya miaka thelathini na mitatu hivi ukajikuta pale pale ulipoanzia. Watu wa kale waliotumia mzunguko huo kuupimia umri walikuwa na busara, kwa kuwa hauna haraka wala hauchelewi. Mikidache, ambaye habari zake zinasimuliwa hapa, alizaliwa Dzamandzar katika kisiwa cha Nosy Be, Ramadhani ilipoangukia mwisho wa msimu wa miwa, wakati bomba la kiwanda cha sukari lingali linatoa moshi na futari ikinukia maji ya miwa yaliyochemshwa. Alifariki Ramadhani iliporejea mahali hapo mara ya pili. Kati ya ncha hizo mbili aliishi maisha ya mtu wa kawaida: hakutawala, hakutajirika, hakuacha kitabu. Kazi yake ilikuwa kupitisha mwanga katika tundu. Lakini katika umri wake wote palikuwa na siku kumi za mwezi wa Shaabani, miaka mitatu na nusu baada ya Madagaska kupata uhuru, ambazo watu wa Mahabibo, mtaa wa Wakomoro mjini Mahajanga, waliendelea kuzisimulia kwa kicheko, na kicheko hicho hakikumdhalilisha yeyote.

Baba yake aliondoka Ngazija angali kijana, akaja kutumika kiwandani, na hakurudi tena kwao kufanya ada. Kwa Wangazija, ada ni ile harusi kubwa ambayo mwanamume huijenga kwa miaka mingi ya jasho. Akiisha kuitimiza kijijini kwake, huhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Huvaa joho, huweka begani mharuma, ile shali ya heshima, hutangulizwa kahawa, na popote watu wanapokusanyika, msikitini au harusini au matangani, huketi safu ya mbele. Asiyeitimiza, hata ndevu zikiwa nyeupe, hukaa nyuma na vijana. Huko Dzamandzar, ambako king'ora cha kiwanda kiliwatoa wote kwa pamoja na kila mtu akaketi alipopata nafasi, Mikidache aliyasikia mambo hayo kama mtu asikiavyo habari za theluji.

Sinema aliijua ukutani. Mara moja kwa mwezi mwonyeshaji filamu alikuja kutoka Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, na mashine yake, akaonyesha picha juu ya ukuta uliopakwa chokaa wa ghala la sukari. Siku moja gurudumu dogo la mashine hiyo lilivunjika meno, na Mikidache, aliyekuwa fundi wa pampu za kiwandani, akalichongea jino jipya la shaba. Katika kuifungua ile mashine aliona jambo lililomtia mshangao hadi uzeeni: kwamba ndani ya utepe ule mrefu hapakuwa na kitu chochote kinachokwenda. Palikuwa na picha ndogo ndogo maelfu, kila moja imetulia kimya kama herufi katika msahafu, na mwendo wote ulikuwa machoni mwa mtazamaji. Wanazuoni wetu wa zamani walioandika juu ya nuru na macho walikwisha kueleza jinsi mwanga upitao katika tundu dogo la chumba cha giza unavyobeba sura za vitu. Mikidache hakuwasoma. Lakini tangu siku hiyo pampu hazikumridhisha tena, na alipotimiza miaka ishirini alivuka bahari kwenda Mahajanga, akaandikwa kazi katika Sinema ya Alhamra.

Alhamra ilijengwa na tajiri mmoja wa Kihindi katika miaka ya baina ya vita viwili, na yeyote aliyeichora ramani yake alikuwa ameota Andalusi. Uso wake ulikuwa na matao yaliyopinda kama kwato za farasi. Dari yake ilipakwa buluu ya usiku na kutobolewa taa ndogo ndogo mithili ya nyota. Viti vyake vilikuwa mia saba, vyenye miguu ya chuma iliyofungwa kwa skrubu katika sakafu ya mbao. Vile vya nyuma kabisa, karibu na mlango, vilivikwa mahameli mekundu, na hapo ndipo walipoketi mkuu wa mkoa na madaktari. Juu yao ilikuwa roshani yenye ukingo wa shaba, iliyokuwa ya wanawake. Na nyuma ya roshani kilikuwa chumba cha mashine, chenye joto la tanuri, ambamo Mikidache, amevaa fulana, alizitazama nchi za watu kupitia kioo kisichozidi upana wa kiganja.

Siku aliyoipenda ni Alhamisi alasiri, siku ya filamu za zamani: za Kihindi zenye nyimbo saba na mafuriko mawili, za Kifaransa ambazo wanaume wake huvuta sigara wakifikiri, na za Misri, ambamo kila baba ana hasira na kila binti ana sauti nzuri. Watu wa Mahabibo walisema Kikomoro nyumbani na Kimalagasi sokoni. Kihindi na Kiarabu cha Kairo hawakuvijua. Kwa hiyo kila safu ilikuwa na mkalimani wake, na katika ukumbi mmoja hadithi sita ziliendelea kwa wakati mmoja, zote zikiwa na mwisho mwema.

Alhamisi moja utepe ulikatika, taa zikawashwa, na mlango wa chumba cha mashine ukagongwa kwa bakora. Alikuwa koko Echata, bibi mwenye umbo dogo na sauti kubwa, ambaye hakukosa filamu hata moja.

"Fundi, yule binti tumemwacha mtoni," alisema. "Mtoe haraka, atapata homa."

"Dakika mbili, koko. Nagundisha."

"Gundisha vizuri. Wiki iliyopita uligundisha, bwana harusi akaingia chumbani na kofia akatoka na kilemba."

Nyuma ya koko alisimama mjukuu wake, Roukia, amejifunika leso hadi puani. "Koko," alisema, "huenda alikinunua humo ndani."

Mikidache aligundisha utepe ule kichwa chini. Dakika nzima binti yule wa filamu alielea mtoni miguu juu, na ukumbi ukacheka hadi nyota za darini zikatikisika. Kuanzia hapo Alhamisi zake zilikuwa na sababu ya pili.

Baada ya miezi minane, kwa heshima na kwa utaratibu, alituma watu kwa baba yake Roukia. Mzee huyo, Msaidié, alikuwa seremala wa meli aliyestaafu, mtu wa maneno machache na vidole vinene, aliyefanya ada yake Ngazija kwa kishindo kilichokumbukwa. Katika msikiti wa Ijumaa alikuwa wa pili katika safu ya kwanza, hana wa kumtangulia ila mzee Mbaé. Aliwasikiliza wajumbe hadi mwisho, akawapa kahawa, kisha akajibu.

"Nasikia kijana huyu anafanya kazi gizani. Mimi nimefanya kazi miaka arobaini, na kila msumari wangu ulionekana. Nikiisha kuiona kazi yake kwa macho yangu, nitasema ndiyo au la. Lakini ajue kwamba mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuandama mimi napanda meli kwenda Ngazija, nitakaa mwaka. Na huko yuko mtoto wa ndugu yangu anayengoja jibu la swali hilo hilo."

Palikuwa pamebaki siku kumi na tatu.

Mikidache hakukata tamaa, kwa kuwa juma lile lile ilishushwa bandarini filamu ambayo tajiri aliitafuta miaka miwili: filamu ya Misri ya zamani, nyeusi na nyeupe, hadithi ya mwuza maji wa Kairo anayemtafuta nduguye aliyepotea, hadi anampata miongoni mwa mahujaji. Na ndani yake, kwa muda wa dakika saba, ilionekana Makka yenyewe, na Nyumba tukufu, na watu wakiizunguka. Filamu ingekaa Mahajanga siku kumi tu, kisha ipelekwe Nosy Be. Hapana kazi bora kuliko hiyo ya kumwonyesha mzee wa safu ya kwanza. Mikidache aliomba ruhusa kwa tajiri, akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri kabisa, akawaalika mzee Msaidié na wakubwa wenzake kumi na mmoja kwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Ndani ya bahasha alitia tiketi kumi na mbili za viti vya mahameli.

Wazee walishauriana. Mzee Mbaé, aliyekuwa na elimu ya fikihi, ndiye aliyewatuliza. "Kivuli hakiabudiwi," alisema. "Kila asubuhi natazama sura yangu kisimani, na sijapata kuisujudia. Kwanza haivutii."

Alhamisi ilipofika walitoka Mahabibo kwa puspus kumi na mbili, zile riksho zinazovutwa na watu, zikifuatana kwa daraja, ya Mbaé mbele. Mbele ya Alhamra walishuka na majoho yao yenye nakshi za dhahabu, mharuma mabegani na bakora mikononi, wakapanga mstari kama waendao kumchukua bwana harusi. Muuza njugu aliacha kuuza. Mwonyesha viti akawapokea kwa adabu zote, akawaongoza kwenye mahameli mekundu, mahali pa mkuu wa mkoa.

Mzee Msaidié hakuketi. Alitazama mbele. Safu baada ya safu, hadi chini ya skrini yenyewe, aliona migongo ya vijana, na katika safu ya kwanza kabisa, miguu yao ikiwa juu ya ukingo wa jukwaa, waliketi wachukuzi wa bandarini.

"Wale wa mbele ni akina nani?" aliuliza.

"Ni wachukuzi, baba," alijibu mwonyesha viti. "Akina Mdahoma."

"Mdahoma amefanya ada?"

"Mdahoma hajafanya hata harusi ndogo, baba."

Wazee kumi na wawili walishuka njia ya katikati, bakora zikigonga mbao kwa pamoja, hadi safu ya kwanza. Mdahoma, mtu wa mabega mapana na ulimi mwepesi, aliwaona, akaondoa miguu yake jukwaani, akasimama, na wenzake wote wakasimama naye. Kwa kuwa hata mchukuzi asiye na ada ajua mahali pa wenye ada. Wakubwa wakaketi kwa daraja, majoho yakienea juu ya viti, na baina ya magoti yao na skrini palikuwa na hatua tatu.

Kutoka katika kile chumba chake Mikidache aliona kofia kumi na mbili zikilala nyuma kwa wakati mmoja. Alitaka kuzuia mashine, lakini makaa ya taa yake yalikuwa yamekwisha kuwaka. Ngamia wa kwanza alipotokea, wazee waliuona mguu wake, mkubwa kuliko mnazi, ukipita juu ya vichwa vyao. Pua ya mwuza maji ilikuwa kilima, na masharubu yake msitu. Mzee mmoja alimuuliza mwenzake kama yule ni mtu au ni nchi. Mbaé alifumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Baada ya robo saa alisimama akiishika shingo yake kwa mikono miwili, na wote wakasimama, wakatoka kama walivyoingia, kwa daraja, lakini nyuso zao zikiwa zingali zimeelekea darini. Makka ilikuwa bado mwendo wa saa nzima.

Kufikia magharibi Mahabibo yote ilijua kwamba sinema huvunja shingo. Mzee Mbaé alipakwa mafuta ya karafuu. Mzee Msaidié aliulizwa kama ameiona kazi ya kijana, naye akasema, "Nimeiona pua yake."

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, koko Echata alimpitia Mikidache pale alipokaa kwenye ngazi za Alhamra, kichwa mikononi.

"Mwanangu, wewe umelelewa na nani?"

"Na mama na baba, koko. Dzamandzar."

"Ndiyo maana. Unawapelekea wakubwa tiketi za nyuma ya wachukuzi."

"Koko, vile ndivyo viti bora vya nyumba nzima. Mkuu wa mkoa huketi pale."

"Mkuu wa mkoa amefanya ada?"

Kwa miaka sita Mikidache alikuwa ameutazama ukumbi kutoka nyuma, kwa jicho la mashine, na kwa jicho la mashine mbali ndiko kuzuri. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mtu anaweza kupewa mahameli na akatukanwa.

"Basi nitawaeleza," alisema. "Nitakwenda kwa kila mmoja nimwambie kwamba katika nyumba hii heshima iko nyuma."

Roukia alikuwa amesimama hatua mbili kando, akijifanya anasoma bango. "Baba alifanya kazi miaka thelathini ili afike mbele," alisema, bila kuondoa uso kwenye bango. "Mwambie arudi nyuma kwa ajili ya ngamia, uone."

"Sasa nifanye nini? Skrini siwezi kuisogeza. Na wao hawawezi kusogea."

"Mimi sijui," alisema Roukia. "Fundi ni wewe. Kitu gani kingine kimo humo ndani?"

Wakaenda zao. Mikidache aliingia ukumbini peke yake, taa zimewashwa, akaketi safu ya kwanza, akalaza shingo. Akahamia ya pili, kisha ya tatu. Katika safu ya kumi alikaa kwa muda mrefu. Kutoka hapo skrini nzima iliingia machoni bila kulazimisha shingo, na uso wa mtu ulikuwa uso wa mtu. Akateremsha macho yake hadi sakafuni, akaona mguu wa chuma wa kiti, na katika mguu ule, skrubu.

Tajiri alimsikiliza akiwa amenyanyua nyusi zote mbili. "Safu tisa? Unataka kuniondolea safu tisa?"

"Hadi Jumatatu tu, bwana. Zitarudi kama zilivyokuwa."

"Na wachukuzi utawaweka wapi?"

"Kwenye mahameli."

Tajiri alicheka hadi akavua miwani, na kwa kucheka huko akawa ametoa ruhusa.

Jumamosi, jua lilipochomoza, Mdahoma na wachukuzi wenzake saba walikuja, si kwa kuombwa sana. Walikuwa wamesikia habari ya mahameli. Mikidache alilegeza skrubu mwenyewe, kwa magoti, safu hadi safu, na wao wakabeba viti hadi uani na kuvifunika kwa turubali, kwa kuwa masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Kila safu aliipa kopo lake, akaandika namba juu yake, na skrubu zake akazipangusa na kuzipaka mafuta kabla ya kuzitia humo.

"Sisi tungezimimina zote katika gunia moja," alisema Mdahoma.

"Skrubu huzoea tundu lake," alijibu Mikidache. "Ukiichanganya, kiti kitacheza."

"Na wewe utacheza nini mzee akikataa mara ya pili?"

"Nitarudi Dzamandzar kwenye pampu."

"Basi ngoja nipanguse na mimi," alisema Mdahoma, akapiga magoti.

Walipomaliza, palikuwa na uwanja mtupu wa mbao baina ya jukwaa na viti, umefagiwa ukang'aa, na safu iliyokuwa ya kumi ilikuwa ya kwanza. Hapakuwa na kiti hata kimoja mbele yake.

Koko Echata ndiye aliyebeba mwaliko wa pili. Alichowaambia wazee hakikujulikana kwa ukamilifu. Inasemekana aliwauliza tu kama wanataka kufa bila kuiona Makka kwa sababu ya mguu wa ngamia. Jumapili alasiri puspus kumi na mbili zilikuja tena, zamu hii na mafuta ya karafuu mfukoni kwa tahadhari. Wazee walishuka njia ya katikati, wakaona safu ya kwanza ikiwangoja, haina mtu mbele yake, wakaketi kwa daraja. Nyuma yao ukumbi ulijaa pomoni. Roshani nayo ilijaa leso za kila rangi. Na nyuma kabisa, katika mahameli mekundu, Mdahoma alizama hadi masikioni.

"Mikidache," aliita kuelekea juu, "kiti hiki kinanimeza. Mkuu wa mkoa hutokaje?"

Mikidache hakucheka. Taa zilikuwa bado hazijazimwa, na kupitia kioo chake alimwona mzee Msaidié akiinama. Mzee alikuwa ameacha bakora, ameteremsha mkono wake hadi sakafuni, mbele ya viatu vyake, na kwa kidole chake kinene alikuwa akipapasa ubao. Kidole kilipata tundu, kikatulia. Kikapata la pili. Kisha mzee akainua kichwa, akautazama ule uwanja mtupu, kutoka miguuni pake hadi jukwaani, polepole, midomo ikimchezacheza. Seremala wa meli hahitaji kuelezwa tundu la skrubu ni nini. Mtu aliyekwisha kupewa kiti cha nyuma mara moja, akigundua kwamba kiti cha mbele nacho kimetengenezwa, ana haki ya kudhani anachezewa. Mkono ukiwa juu ya swichi, Mikidache alisema bismillahi, akazima taa.

Ngamia akaja, na alikuwa ngamia mzima. Mwuza maji akawa mtu mwenye pua moja ya kadiri. Baada ya muda mfupi mzee Mbaé alianza kuwatafsiria wenzake, kwa sauti iliyozoea kusomesha. Na pale ambapo Kiarabu cha Kairo kilimpita, aliongeza cha kwake, kilichokuwa bora zaidi. Mwuza maji alipomnyima mlinzi rushwa, Mbaé alitoa hadithi ya Mtume juu ya jambo hilo, na ukumbi ukaitika. Wakubwa walicheka. Mmoja wao, ambaye hakuna mtu wa Mahabibo aliyewahi kuyaona meno yake, alionekana kuwa nayo.

Kisha filamu ikafika Makka.

Saa ile ile mvua ikaanguka. Ilianguka kama inavyoanguka Mahajanga mwezi wa Januari, si kwa matone bali kwa ndoo, juu ya bati lote la Alhamra, na sauti ya filamu ikafa ndani yake. Mikidache alizungusha kitasa cha sauti hadi mwisho bila mafanikio. Kwenye skrini, katika ukimya, umati wa watu waliovaa nguo nyeupe uliizunguka Nyumba tukufu, ukienda taratibu kama maji, na midomo yao ilikuwa ikisema jambo lisilosikika. Mzee Mbaé akasimama. Wakubwa wote wakasimama naye, majoho yao yakiwaka kwa mwanga uliotoka Hijazi, na Mbaé akainua sauti: Labbaika Allahumma labbaika. Safu ya kwanza ikaitika. Ya pili ikaipokea. Wachukuzi wakainuka kutoka katika mahameli, wauza njugu wakasimama milangoni, na juu roshanini koko Echata alikuwa amesimama juu ya kiti, Roukia akimshika kiuno asianguke. Kwa dakika saba watu wote ukumbini waliipa picha ile sauti iliyoikosa, wakiishinda mvua. Na nyuso zote, za wenye ada na za wasio nayo, zilikuwa zimelowa machozi na kutabasamu kwa pamoja.

Nduguye mwuza maji alipopatikana, hakuna aliyeshangaa. Siku ile kila kitu kilikuwa kimekwisha kupatikana.

Watu walikuwa bado wanatoka, kuwahi magharibi, mlango wa chumba cha mashine ulipogongwa. Mzee Msaidié aliingia, akaangalia vijiti vya makaa, magurudumu ya filamu, kioo kidogo. Akauegemea ukuta, akakuta una moto, akauacha.

"Safu tisa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ungeweza kutuambia tukae nyuma."

"Mngekataa, baba."

"Tungekataa." Akapapasa gurudumu moja la filamu. "Zile skrubu uliziweka wapi?"

"Katika makopo. Kila safu na kopo lake."

"Kavu?"

"Nimezipaka mafuta."

Mzee alitikisa kichwa kwa namna ya fundi aliyeonyeshwa kiungo kisichopitisha maji. "Wenzangu hawajui lolote," alisema. "Mbaé anaamini macho yake yameongezeka nguvu tangu Alhamisi. Usimwambie."

"Sitamwambia."

"Nilisema kwamba kazi yako siioni, kwa kuwa iko gizani. Nimeiona. Iko sakafuni." Akaokota bakora yake. "Mwandikie baba yako aje. Nitaahirisha meli."

Na alipofika mlangoni aligeuka. "Roukia husema sana ndani ya filamu. Usije ukasema hukuambiwa."

Nikaha ilisomwa siku nne kabla ya mwezi kuandama, na Mbaé ndiye aliyeisoma, shingo imenyooka. Viti vya Alhamra vilirudi Jumatatu ileile kila kimoja katika matundu yake, wala hakuna kilichocheza. Isipokuwa tangu mwaka huo, wakubwa walipoalikwa, safu tisa zilitoka, na wachukuzi walikuwa wa kwanza kuulizia siku hizo.

Filamu ilipopelekwa Nosy Be, tajiri aliwatuma bwana na bibi harusi waifuate. Huko Dzamandzar ilionyeshwa juu ya ukuta wa ghala la sukari, na watu wakaja na mikeka, wakitaka kukaa popote. Roukia aliwazuia. Alisimama mbele ya ukuta, akahesabu hatua kumi na sita kurudi nyuma, akachora mstari mchangani kwa kisigino chake. "Hapa ndipo mbele," alisema. Kisha akamshika mkono baba mkwe wake, yule mtumishi wa kiwanda ambaye hakuwahi kufanya ada, akamketisha katikati ya mstari ule, juu ya mkeka mpya, na hakumruhusu yeyote kukaa mbele yake. Mzee yule aliiona Makka yote bila kupepesa.

Miaka ilikwenda. Mikidache aliiwasha mashine ya Alhamra hadi mashine zenyewe zilipochoka. Mambo mazito yaliyoufika mji baadaye yana wasimulizi wake. Jina la Mikidache hukumbukwa kwa sababu ya Shaabani ile, na wazee wakipita pale ilipokuwa Alhamra bado hushika shingo zao na kucheka.

Mwenyezi Mungu, ambaye nuru zote ni zake, amrehemu Mikidache, na siku ya kupangwa safu amwite mbele, mahali penye baridi kuliko kile chumba chake. Amrehemu Roukia pamoja naye, na koko Echata, na mzee Msaidié aliyejua kutazama chini. Awasamehe wazazi wao wa Dzamandzar na wa Ngazija. Awabariki watoto wao na wajukuu wao, wale walio Mahajanga, walio Nosy Be na walio ng'ambo. Awajaalie kuiona Nyumba yake kwa macho yao, si kivulini, na awape mikono ya kuwatengenezea wengine nafasi. Amina.